Rafu ya Karibu na Choo

Siku ya kuniaga mliniletea keki yenye umbo la kitabu, na mwenye duka akaniomba niseme maneno machache kwa Kiingereza. Nikasema machache kweli: asanteni, keki ni tamu, nakwenda nyumbani. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Wapi! Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya theluji, na miguu ilikuwa inachemka.

Haya ya leo nayaandika kwa Kiswahili, kwa ajili yenu wawili mliobaki upande wa riwaya: wewe Furaha, binti wa Uvira, na wewe Brayo wa Thika. Wenzenu watafsirieni mtakachoona kinafaa. Sitasema nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hakuna hadithi hapo. Mshahara nao nauacha, kwa sababu mke wangu husoma kila ninachoandika na ana kumbukumbu nzuri kuliko benki. Nitawaambia habari za kadi, stika, mashine ya kukaushia nywele, na mama mmoja aliyekuja kutafuta kitabu. Mama huyo amenipa ruhusa kwa masharti mawili: nimwite Mama Nekesa, ambalo si jina lake, na nimwandike mwembamba. Basi, Mama Nekesa ni mwembamba sana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikialikwa harusi naomba niletewe wali. Katika jumuiya yetu hapa Minnesota kila mtu mzima ni muuguzi, au anasomea uuguzi, au anampeleka muuguzi kazini. Mke wangu, Mama Riziki, ni muuguzi. Mimi nilimaliza kidato cha nne Morogoro, nikamfuata yeye huku, nikajaribu kozi ya kuhudumia wagonjwa. Siku nilipoona damu, wagonjwa ndio walionihudumia mimi. Nikajua kazi yangu ni ya ndani, yenye joto, isiyo na damu.

Niliipata kwa sababu ya masikio. Basi la Roseville lilichelewa, baridi ikanifanya nisiyasikie tena masikio yangu, nikaingia kwenye duka la vitabu lililokuwa mbele yangu, nikasimama karibu na hita, nikachukua kitabu ili nisionekane mwizi. Nikasoma. Basi likapita. Nikaendelea kusoma.

"Unanunua au unayeyuka?" sauti ikauliza.

"Nayeyuka," nikasema.

"Basi ukiwa unayeyuka, nisaidie na yale maboksi."

Huyo ndiye Doris, mkuu wa upande wa riwaya. Nyinyi hamkumkuta. Mwanamke mrefu, Mlutheri wa ukoo wa Kinorwei, sweta anafuma mwenyewe, na uso wake haubadiliki akifurahi wala akiudhika. Ilinichukua muda kugundua kwamba nyusi ya kushoto ndiyo inayofanya kazi yote. Kwenye kila mkutano alileta bakuli la tambi na nyama lililookwa kwa jibini, akakaa akikutazama mpaka umalize.

Siku yangu ya kwanza rasmi nilipewa boksi la vitabu ambavyo mgongoni vilikuwa na stika ndogo ya upinde wa mvua. Sasa, mimi ni mtoto wa katekista. Kwangu upinde wa mvua una habari moja: Nuhu, safina, ahadi. Nikavipeleka vyote kwenye rafu ya hadithi za Biblia za watoto, nikavipanga baina ya majalada ya twiga na tembo, nikarudi hatua moja nyuma, nikaviangalia kwa fahari kama Nuhu mwenyewe.

Doris alivikuta kesho yake.

"Anselmi, hebu njoo." Nyusi ilikuwa juu. "Hivi ni riwaya za wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake."

Kiswahili kina neno lake la mkato kwa mambo hayo. Mnalijua, na mnajua linavyorushwa kama jiwe, kwa hiyo mtaniwia radhi nikizunguka. Nilizunguka na siku ile. Nilisema "ahaa" mara nyingi kuliko inavyohitajika.

"Rafu yake ni ile ya nyuma," akasema, "karibu na choo."

Nikaenda kuvikusanya. Kimoja hakikuwapo. Kilikuwa kimeuzwa asubuhi ile, tena kwa bibi mmoja wa kanisa la jirani, mwenye kofia ya sufu ya zambarau, ambaye siku zote alinunua vitabu vya Krismasi na vya paka. Tukamsubiri kama mtu anavyosubiri barua ya uhamiaji.

Bibi akarudi. Akaja moja kwa moja kaunta.

"Yule mpelelezi," akasema. "Kuna kitabu cha pili?"

Doris akamuuliza polepole alikionaje cha kwanza.

"Ni cha mauaji," bibi akasema, akishangaa kuulizwa. "Mpelelezi ni hodari, lakini anachelewa chakula na mumewe amepika. Marehemu Harold alikuwa hivyohivyo. Nataka kujua kama mama mkwe atahamia kwao, maana mimi namwona anakuja na mabegi."

Alipoondoka na kitabu cha pili, mimi na Doris tulitazamana. Mnisamehe, nimeuza vitabu maisha yangu yote ya huku, lakini mshangao wa siku ile haujanitoka. Kitabu kilichovaa stika kilikaa nyuma bila kuguswa ila na wachache waliokijua. Kitabu kilekile, mjinga mmoja kutoka Morogoro alipokitupa karibu na twiga, kikaenda kukaa kwenye kiti cha bibi, chini ya taa yake, na bibi akamkasirikia mpelelezi kama mtu wa ukoo wake.

Doris akasema, "Inabidi tukosee zaidi."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza hasa. Lazima mwelewe jinsi vitabu hivi vilivyokuwa vikiuzwa. Kila msimu alikuja mtu wa mauzo wa wachapishaji na begi la majalada, akatuonyesha riwaya zijazo. Riwaya yenye wapenzi wa jinsia moja ilikuwa na njia mbili tu. Ama jalada lilikuwa na migongo ya vijana wawili wasio na shati, na hiyo ikabandikwa stika na kwenda nyuma. Ama wachapishaji walitaka inunuliwe na kila mtu, na hapo jalada lilikuwa na ziwa. Ziwa, boti, nyumba kwa mbali. Nyuma ya kitabu wakaandika kwamba ni hadithi ya siri, upendo na familia, bila kusema siri ni ya nani wala upendo ni wa nani kwa nani.

"Hili nalo la nini?" nilimuuliza mtu wa mauzo siku moja, nikishika ziwa la nne.

"La wasomaji wote," akasema.

"Na hili la migongo si la wasomaji wote?"

Akacheka, akasema nina maswali mazuri, akafunga begi. Mtu akikuambia una maswali mazuri huku anafunga begi, jua hapo pana jambo.

Doris alikuwa na chombo kimoja ambacho hakuna mchapishaji aliyeweza kukigusa: kadi. Mnazijua, zile ndogo tunazobandika chini ya kitabu kwenye rafu, zenye maoni ya mfanyakazi. Msizidharau. Sheria zake nilizirithi nami nawarithisha: andika kwa mkono, kwa wino mweusi, usizidi kadi moja, soma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujaandika, tia jina lako, ili mwenye hasira ajue pa kwenda.

Kadi yangu ya kwanza ilisema, "Hadithi nzuri sana kuhusu familia."

Doris akaisoma. "Anselmi, hata kitabu cha namba za simu kinahusu familia."

Ya pili ikasema kila kitu: nani anampenda nani, tangu lini, na wazazi wanasemaje. Akanirudishia. "Hii ni ripoti ya polisi."

Nilijifunza taratibu kwamba kadi inatakiwa imweke msomaji mlangoni, aone taa inawaka ndani, basi. Ya mpelelezi nikaiandika hivi: "Mwanamume anayetafuta wauaji mchana, na jioni anajaribu kumkwepa mama mkwe. Mumewe anaoka mkate. Njaa itakuuma." Neno "mumewe" likakaa palepale katikati ya sentensi, bila kupigiwa tarumbeta. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kupita aende kwenye mkate. Wengi walikwenda kwenye mkate.

Si wote. Mzee mmoja alirudisha riwaya moja ya ziwa akiwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nimefika katikati, nikakuta wanaume wawili wanapendana. Kadi yenu haikusema!"

Hiyo kadi ilikuwa ya Doris mwenyewe. "Haikusema pia kuna talaka," akajibu. "Wala kwamba farasi anavunjika mguu. Farasi umemfikia?"

"Farasi ameniliza," akasema.

"Basi hujafika mwisho. Anapona."

Mzee akakiangalia kitabu. Akakichukua tena, akaondoka bila kuaga. Nasi hatukumwambia kwamba anayemtibu yule farasi ni mmoja wa wale wanaume wawili. Hayo ni yake na kitabu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka tukajiona werevu, na hapo ndipo mtu hujikwaa. Tukaamua: kama vitabu vinauzwa vizuri zaidi mbele, bila stika, kwa nini rafu ya nyuma iwepo? Si ni kama kuwaweka watu jikoni wakati wageni wengine wako sebuleni? Mimi ndiye niliyelisema hilo la jikoni, na nililisema kwa sauti. Kuwa karibu na choo niliona ni tusi. Doris alifikiri kwa muda mrefu, akakubali.

Ile kazi ya kutoa stika niwafundishe, maana iko siku mtaihitaji kwa stika za bei. Usikwangue kavu, utachana jalada. Chukua mashine ya kukaushia nywele, pasha stika mpaka gundi ilegee, inua pembe kwa ukucha, vuta kwa kulala, si kwa kusimama. Gundi inayobaki, tone la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa. Niliazima mashine ya Mama Riziki, nikaiunguza ndani ya wiki moja, na hadi leo nikimwambia amependeza anajibu, "Licha ya juhudi zako." Vitabu vyote vikaenda mbele, kila kimoja kwa herufi ya mwandishi wake. Kule nyuma tukaweka vitabu vya mapishi. Nikajisikia nimefanya jambo kubwa.

Ndipo akaja Mama Nekesa.

Ni mwenyeji wa Kakamega, muuguzi kama mke wangu, tunasali kanisa moja. Alikuja mchana mmoja na sare zake za kazini, akasimama kwenye rafu ya kalenda akizipekua moja moja, na ulikuwa mwezi wa tano.

"Shemeji, kalenda ya mwaka gani hiyo?" nikamtania.

Hakucheka. Akaangalia kulia na kushoto. "Shemeji, hii duka yenu mmeifanyia nini?"

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeambiwa na mtu wa kazini, huko nyuma karibu na choo kuna vitabu fulani. Nimekuja kitambo, ulikuwa off. Nikaenda huko kama mtu anaenda choo. Nikapata vitabu vya supu. Nikarudi siku ingine, supu. Leo tena supu! Aki nimeenda choo kwenu mpaka wanadhani niko na sukari."

"Ungeuliza, shemeji."

"Niulize nani? Niulize nini?" Sauti ikashuka. "Dennis hajanipigia tangu Pasaka."

Dennis ni kijana wake, mkubwa, anaishi Saint Louis Park, anafanya kazi ya kompyuta. Siku ya Pasaka alimwambia mama yake kwamba rafiki anayeishi naye si mpangaji mwenzake. Mama akasema neno, sikuuliza neno gani. Dennis akaweka sahani chini, akachukua koti.

"Usinipe kitabu cha mawaidha," Mama Nekesa akaniambia. "Pasta amenipa. Dada yangu ametuma kingine kutoka nyumbani. Nimechoka kuambiwa. Mimi nataka hadithi. Nataka kuona tu vile watu wa hivyo wanaishi kwa nyumba, wanakula nini, wanagombania nini. Nataka mtoto wangu arudi kwa meza yangu na sijui nianzie wapi."

Nilisimama pale na mikono mitupu. Kila kitabu alichokuwa anakitafuta kilikuwa dukani, mbele yake, mimi mwenyewe nilikiweka. Na hakuna hata kimoja ambacho angekijua kwa macho, kwa sababu nilikuwa nimekivua kwa mashine ya kukaushia nywele.

Jioni nilimsimulia Doris, bila jina. Alikaa kwenye ngazi ya kufikia rafu za juu.

"Unajua nani aliiweka ile rafu karibu na choo?" akauliza.

"Mwenye duka, nadhani."

"Ni mimi. Yeye aliitaka dirishani, na alikuwa na nia njema. Nikamwambia, mtu anayekwenda chooni haulizwi anakwenda wapi. Wakati ule walikuja wanaume wazima, wana pete za ndoa, walikwenda chooni wakarudi na kitabu chini ya gazeti." Akapangusa miwani kwa sweta. "Nilidhani wakati huo umekwisha. Ndiyo maana nilikukubalia."

Mnajua, vijana, mimi niliyeiona rafu ile kuwa tusi nilikuwa nimeipita kila siku nikienda kunawa mikono. Sikuwahi kuona kwamba ni mlango wa uani, ule ambao ndugu huingilia. Tangu hapo kila riwaya ya namna hiyo ikawa na makazi mawili: nakala moja mbele, kwa herufi yake, kwa bibi wa kofia ya zambarau asiyejua kwamba anaitafuta, na nakala moja nyuma, na stika yake, kwa anayeitafuta na hawezi kuuliza. Mwenye duka akalalamika kwamba tunapoteza nafasi. Supu ikahama.

Mama Nekesa nikampa riwaya moja iliyosifiwa magazetini, ya ziwa. Akaogopa jalada hata hivyo. "Mimi nasoma nikiwa kwa break, na meza nzima ni watu wa kwetu." Hapo nikakumbuka shule. Nikatoa karatasi ya kaki tunayofungia vifurushi, nikakata, nikakunja pembe, nikakivisha kitabu kama tulivyovisha madaftari muhula unapoanza.

Kwa mara ya kwanza akacheka. "Wuui! Na jina na darasa uandike."

"Somo gani?"

"Andika Home Science. Hakuna mtu ataomba kuazima."

Nikaandika kwa wino mweusi, mwandiko wa kadi.

Alirudi baada ya muda mfupi, na hakupitia kwenye kalenda. Alikuja kaunta akakiweka kitabu kwa kishindo.

"Amekufa!"

"Nani?"

"Huyo kijana! Mama yake anaanza kuelewa, anashika simu ampigie, na kijana amekufa! Shemeji, mimi nashinda na watu wanakufa, ndiyo kazi yangu. Nilikuambia niko na mtoto hai. Nipe kitabu mtoto hafi."

Nikafungua mdomo nimtajie kingine, nikakumbuka mwisho wake, nikafunga. Nikakumbuka cha tatu. Nikafunga tena. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wala stika, wala ziwa, wala migongo, wala magazeti hayajawahi kumwambia mtu: nani anabaki hai. Wasomaji wote walikuwa wanauziwa machozi, na walionunua kwa sababu kijana wao yuko Saint Louis Park walikuwa wanauziwa machozi yaleyale.

Doris aliposikia, nyusi zote mbili zilipanda; sikujua kwamba ya kulia inaweza. Tukagawana vitabu vya ile rafu, tukaanza kuvisoma upya, tukitafuta swali moja tu. Nilivileta nyumbani kwa mifuko ya dukani. Mama Riziki akitoka kazini ananikuta kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni.

"Baba Riziki, unalia kwa sababu ya kitabu au vitunguu?"

"Hakuna vitunguu."

"Ndiyo maana nauliza. Nina njaa."

Kilichopatikana hakikuwa kimesifiwa na mtu. Kilikuwa kimekaa kwetu mpaka ukingo wake umekuwa wa manjano. Daktari wa mifugo anarudi kwenye shamba la mama yake, kaskazini huko, pamoja na mwenzake. Mama hataki kuzungumza. Wanazozana kuhusu kuuza ng'ombe. Wanazozana kuhusu paa. Mbwa mzee anaugua, wanakesha naye wote watatu. Mwishoni, mezani, kimebaki kipande kimoja cha pai ya tufaha. Mama anakiangalia, anakisukuma kwa uma mpaka kwenye sahani ya yule mwenzake, hasemi kitu, anainuka kuosha vyombo. Basi, kinaishia hapo. Nilibaki na kitabu kifuani. Tambi ziliungua.

Nikaandika kadi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Wanaume wawili, mama mmoja, shamba linalovuja. Katika kitabu hiki hafi mtu. Anakufa mbwa, na alikuwa mzee sana. Anselmi."

Nakala ya kwanza nikaivisha kaki, nikaandika Home Science, Kitabu cha Pili.

Kumbe ile kadi niliyomwandikia mtu mmoja ilikuwa inasomwa na mji mzima. Watu walisimama mbele yake, wakacheka, kisha wakachukua kitabu. Bibi wa kofia ya zambarau alichukua. Yule mzee wa farasi alichukua, akaniuliza kama mbwa aliteseka. Walikuja wanaume wawili wazee sana, mmoja akiwa na fimbo, mwenye fimbo akaisoma kadi kwa sauti, akamwambia mwenzake, "Umesikia? Hatufi." Wakanunua nakala moja, maana, alisema, hawajawahi kununua mbili. Sisi wauzaji tulikuwa tumebishana miaka yote kama tuwaambie watu wahusika wanampenda nani. Hakuna aliyekuja kuuliza hilo. Waliuliza kama mwisho watakaa mezani.

Mama Nekesa hakuja kwa wiki kadhaa. Kanisani alikaa mbele, akaondoka mapema. Sikuuliza. Mtu wa nyumbani anajua kusubiri; ndiyo mazoezi yangu pekee.

Kisha siku moja simu ya dukani ikalia.

"Shemeji, ni mimi. Nilimaliza. Ile pai."

"Ndiyo."

"Hiyo pai ni firigisi."

Furaha, Brayo, nyinyi sihitaji kuwaeleza. Kwao Kakamega, kama kwetu, kuku akipikwa firigisi haiendi kwa yeyote tu. Inakwenda kwa mwanamume ambaye nyumba inamheshimu. Mkwe akija, ukimpa firigisi umemaliza hotuba.

"Nilienda kwa Dennis nikakiacha hicho kitabu kwa mlango, nikatoroka kama mtu wa pizza," akaendelea. "Jana usiku amenipigia. Na Kiingereza chake, 'Mama, mbona kitabu kimevaa uniform?' Shemeji, ndiyo kitu ya kwanza ameniambia tangu Pasaka. Nikacheka mpaka nikalia. Nimemwambia waje Jumapili. Wote." Nikasikia sufuria. "Lakini kuku ni mmoja, firigisi ni moja, na wao ni wawili. Nikimpa Dennis, huyu mwingine ataona nimemtenga. Nikimpa mgeni, Dennis atasema nini? Nifanye aje?"

Mimi nina kidato cha nne, na maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa swali kubwa namna hiyo.

"Mama Nekesa," nikasema, "pika kuku wawili."

"Ngoja niandike," akasema, kana kwamba angesahau.

Sikusimuliwa ya Jumapili hiyo, na sikuchungulia. Doris alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Bloomington karibu na binti yake, na hadi leo hunitumia kadi, wino mweusi, kueleza kila kitabu anachosoma na nani anabaki hai.

Wiki yangu ya mwisho, nyinyi wawili mkiwa chakulani, mlango ulifunguka akaingia Mama Nekesa, mwembamba kama nilivyoahidi, na nyuma yake vijana wawili warefu wakikung'uta theluji. Mmoja ana paji la uso la mama yake, huyo sikuhitaji kuambiwa. Mwingine ni wa hukuhuku, nywele nyekundu, akanisalimia "Shikamoo" kwa lafudhi ya ajabu na mkono ulionyooka kama anaapa.

"Nani kamfundisha?" nikauliza.

"Mum," Dennis akasema.

Mama Nekesa alikuwa hatusikilizi. Alikuwa ameshafika nyuma, kwenye rafu ya karibu na choo, na akaita kutoka huko kwa sauti ambayo hata watu wa kalenda waligeuka. "Shemeji! Ile mpya ya mwandishi wa shamba imekuja? Nipe mbili. Moja yangu, moja yao. Hawa hawajui kuazimana vizuri."

Nikavileta kaunta. Mikono yangu kwa mazoea ilikuwa imeshavuta karatasi ya kaki, nimekata, nimeanza kukunja pembe.

Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Hapana, shemeji. Wacha ikae hivi tu."

Wakatoka, yeye katikati, kitabu mkononi, jalada nje, theluji inakiangukia naye hakifichi.

Ile karatasi niliyokata haikupotea. Iko droo ya chini ya kaunta, pamoja na mkasi na peni ya wino mweusi. Iacheni hapohapo. Na mkimwona mtu anazunguka huko nyuma, anatafuta choo ambacho kimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, msimwonyeshe choo. Mpeni nafasi, halafu sogeeni na karatasi.